Darasa la watoto sitini: mwongozo wa siku nzima ya masomo katika Gredi ya Pili, Nairobi

Ukipangiwa Gredi ya Pili katika shule ya umma huku Eastlands, sahau lile darasa la kwenye picha lenye watoto ishirini na zulia sakafuni. Utakuta watoto hamsini, sitini, mwaka mwingine hata zaidi, wameketi watatu watatu kwenye dawati, na matatu zinapiga honi nje ya ua. Somo ni la dakika 30. Walimu wanaokuja kwetu kwa mazoezi huniuliza swali lile lile kabla hata hawajapata kiti: mwalimu, nitawafikiaje wote hawa?

Kwa siku moja hutawafikia. Utawafikia kumi na wawili. Kesho kumi na wawili wengine, na Ijumaa ikifika utakuwa umewasikia sitini. Mambo mengi ninayoeleza hapa yamejengwa juu ya hesabu hiyo. Kama darasa lako lina watoto sabini na watano, gawanya kwa tano, wawe kumi na watano kila siku. Kazi itaongezeka kidogo, lakini mpango ni ule ule.

Wiki kabla hujaanza

Nunua daftari la mraba, lile la hisabati. Andika majina upande wa kushoto na wiki upande wa juu. Mimi huliita daftari la masikio, kwa sababu ndani yake naandika nilichosikia, wala si nilichofundisha. Gawa darasa katika makundi matano na uyape majina ya siku: watoto wa Jumatatu, watoto wa Jumanne, mpaka Ijumaa. Changanya wepesi na wazito katika kila kundi. Siku ya kundi ikifika, hao ndio wanaogawa vitabu, wanaofuta ubao, wanaomwagilia mimea, na ndio watakaokusomea mmoja mmoja. Watoto wanaipenda sana siku yao. Nimewahi kupokea mtoto mwenye kikohozi kizito asubuhi ya Jumatano, mama yake akaniambia, "Mwalimu, amekataa kubaki. Anasema leo ni siku yake."

Kisha tafuta vizibo vya chupa. Unahitaji mia sita, kumi kwa kila mtoto. Zungumza na wenye vibanda vya chakula walio karibu na shule, waachie ndoo, na ndani ya wiki mbili itakuwa imejaa. Vioshe kwa sabuni, vianike, uvitie katika vikopo ishirini vya margarini, thelathini kila kikopo. Dawati moja, kikopo kimoja. Hutapoteza tena dakika saba za somo ukigawa vijiti.

Kuhusu viti: usihamishe madawati, hakuna nafasi na kelele zake zitakuchosha. Waambie walio mstari wa kwanza wageuke nyuma, wa tatu wageuke, wa tano wageuke. Tayari una makundi ya watoto sita wanaotazamana. Hakikisha kila dawati lina msomaji mmoja anayejiweza.

Asubuhi: mahudhurio yasiyo ya kuita majina

Kuita majina sitini ni kuwafundisha watoto hamsini na tisa kukaa bure. Andika kila jina kwenye kipande cha katoni, ukitoboe, ukining'inize kwenye msumari au kamba ukutani upande wa "Sijafika". Mtoto akiingia anatafuta jina lake na kulihamishia upande wa "Nimefika". Wiki ya kwanza itakuwa vurugu. Wiki ya tatu utaona mtoto ambaye hajui kusoma sentensi anamtafutia mwenzake kadi, kwa sababu ameshayajua majina ya jirani zake kwa macho. Huko ni kusoma.

Kadi zilizobaki ni swali lako la kwanza la hisabati. "Tuko sitini. Kadi nne hazijahama. Tumefika wangapi?" Jaza sajili rasmi baadaye, watoto wakiwa wanaandika.

Halafu tarehe, hali ya hewa, na kitendawili kimoja. Kitendawili kipate utaratibu wake wote, usikifupishe. "Kitendawili!" "Tega!" "Nyumba yangu haina mlango." Waache wakisie mpaka washindwe, udai mji. Watoto wa kitabuni hutoa Mombasa au Kisumu. Wangu hutoa mitaa: "Nakupa Kayole!" Sema umefika Kayole, umekula chapati, umepanda matatu ukarudi, kisha uwape jibu: yai. Hapo umepata sentensi tatu za masimulizi bila kuandaa lolote, na kesho mtoto ndiye atakayekwenda Kayole.

Kusoma: usikubali kuimbiwa kitabu

Hapa ndipo ninapotumia nguvu nyingi, kwa sababu mtoto akitoka Gredi ya Tatu bila kusoma, masomo mengine yote yatampita.

Kiswahili kimetupa zawadi: kinasomeka kama kinavyoandikwa. Irabu tano, sauti zisizobadilika. Mtoto akijua m, k, t na l pamoja na irabu, tayari anaweza kusoma mama, kaka, kuku, kiti, moto, lima. Anaweza hata kusoma sentensi nzima: *Kaka alikata miti mitatu.* Konsonanti nne tu. Anzia hapo kwa mtoto yeyote aliyekwama, hata kama darasa limeshafika kwenye ng' ya ng'ombe na dh ya dhahabu.

Dakika 30 mimi huzigawa hivi. Tano za mwanzo ni za sauti, vitabu vikiwa vimefungwa: natamka neno, wanapiga kofi kwa kila silabi. Ka-la-mu, makofi matatu. Kisha nauliza, ukiondoa "ka" kinabaki nini? "Lamu!" Kisiwa kizima kimejitokeza. Tano zinazofuata ni za silabi ubaoni, na hapa kuna mtego. Usiandike ba be bi bo bu kwa mpangilio huo kila siku, maana watoto hushika wimbo wakaacha herufi. Changanya: bo, bi, ba, bu, be. Onyesha kwa kijiti ukiruka huku na huku. Darasa lililokuwa likinguruma litanyamaza ghafla, na ule ukimya ndio utakaokuonyesha nani alikuwa akisoma na nani alikuwa akifuata kwaya.

Kumi zinazofuata wanasoma wawili wawili, mmoja akisoma, mwenzake akifuata kwa kidole. Wakati huo wewe umevuta kiti karibu na mlango na unasikiliza watoto wa siku. Watoto kumi na wawili, dakika kumi, kila mmoja sekunde hamsini. Ni chache, lakini zinatosha kwa sentensi mbili. Usimrekebishe sana. Weka nukta akisoma mwenyewe, mstari akisaidiwa, duara akishindwa. Kumi za mwisho ni za kuandika sentensi moja inayotokana na kilichosomwa, na unapita ukitazama.

Mwaka mmoja nilikuwa na kijana aliyesoma ukurasa mzima bila kukwama, kwa sauti nzuri ya mtangazaji, huku kitabu akiwa amekishika juu chini. Alikuwa amekariri kwa dada yake. Wenzake hawakugundua, na mimi nilikuwa nimempigia makofi ya kilo kwa muhula mzima. Tangu siku hiyo nina majaribio matatu madogo: naziba picha kwa kiganja, naonyesha neno la katikati ya mstari nikiuliza hili ni lipi, au namwomba asome sentensi kuanzia neno la mwisho kurudi la kwanza. Anayesoma kweli hucheka na kusoma. Anayeimba kitabu hukutazama usoni.

Kwa hao wenye duara, usiwape kitabu kigumu kwa matumaini kwamba watashika njiani. Warudishe kwenye silabi, dakika tano kila siku, pamoja na msomaji wa dawati lao. Kazi hii mtoto mwenzake huifanya vizuri kuliko mimi, maana hana haraka na haogopwi.

"Kitabu yangu"

Mtoto wa Nairobi anakuja na Kiswahili cha mtaa, na anakizungumza kwa ufasaha wake. Atakuambia "kitabu yangu imepotea" na "viatu zangu". Ukimkatiza kila sentensi, ataacha kuzungumza nawe. Afadhali ucheze naye. Kila kundi liweke juu ya dawati vitu vitano: kitabu, kalamu, kiatu, mfuko, daftari. Mmoja anaokota: "Hiki ni kiatu changu." Anampa wa pili: "Sasa ni kiatu chako." Wa tatu anasema, "Ni kiatu chake." Anayekosea hatolewi mchezoni, anarudia tu baada ya mwenzake. Dakika tano kwa siku, ngeli moja kwa wiki. Usiwatajie KI-VI kabla masikio yao hayajazoea, jina la ngeli litakuja baadaye.

Ukutani nina karatasi ya manila yenye safu mbili: *Mtaani* na *Kitabuni*. Mathe, mama. Keja, nyumba. Njumu, viatu. Chapo, chapati. Mbao, shilingi ishirini. Watoto ndio wanaonipa maneno ya safu ya kwanza, nami naongeza ya pili. Najua wenzangu wasiotaka hata kusikia neno la Sheng darasani, na sababu zao nazielewa. Lakini mtoto anayejua kwamba neno lina nyumba mbili huchagua vizuri zaidi anapoandika insha.

Hisabati: anza na sarafu

Siku ya kwanza ya mchezo wa duka, usilete duka. Leta sarafu. Zile zilizoanza kutolewa 2018 zina wanyama: twiga kwenye shilingi 1, kifaru kwenye 5, simba kwenye 10, ndovu kwenye 20. Kila dawati lipate moja moja. Waweke sarafu chini ya karatasi nyembamba, waishike kwa kidole ili isiteleze, kisha wasugue juu yake kwa ubavu wa penseli, polepole. Kwanza huonekana duara, halafu mkonga, halafu sikio, na darasa linalipuka. Wakate, wabandike kwenye katoni kwa uji mzito wa unga wa ngano ukikosa gundi. Kwa somo moja umepata pesa za mchezo za muhula mzima, na hakuna mtoto atakayesahau kwamba ndovu ni ishirini. (Hesabu sarafu halisi kabla ya kengele. Mimi hutoa sarafu zangu mwenyewe na huwa najua ni ngapi.)

Siku ya pili fungua duka. Meza moja, pakiti tupu za maziwa, kiberiti kitupu, kopo la chumvi, na vitu vya kuchora kama nyanya na dania. Bei ziwe za kadogo, zile watoto wanazotumwa kununua jioni: sukari ya kupima 20, mafuta ya kupima 30, dania 10, nyanya tatu 20, mandazi 10. Usiweke bei ya pakiti nzima ya unga, itavuka mia na kuwapoteza.

"Karibu mteja."

"Naomba nyanya tatu na dania."

"Nyanya ishirini, dania kumi. Thelathini."

Mteja anatoa hamsini. Sasa tazama mwenye duka anavyotafuta chenji. Mtoto aliyezoea kibanda cha mama yake hatoi thelathini kutoka hamsini. Anaanzia thelathini, anaweka simba mmoja mezani, "arobaini", simba wa pili, "hamsini". Ndiyo njia ya soko, na ni njia sahihi. Ichukue uiweke ubaoni kwenye mstari wa namba, kisha ndipo uandike 50 − 30 = 20 chini yake. Nimeona watoto waliokuwa wakikosa swali hilo hilo daftarini wakilipata dukani bila kufikiri. Kutoa walikuwa wakikujua. Alama ile ya kutoa ndiyo hawakuielewa.

Walio nje ya duka wasikae bure: kila dawati linaandika risiti ya mteja anayehudumiwa, na risiti zinalinganishwa mwishoni.

Kuhesabu kwa tano nako kumejileta kwenyewe. Tangu mpango wa chakula wa Dishi na County uanze 2023, mzazi hulipa shilingi 5 kwa mlo. Dawati la watoto watatu linalipa ngapi? Madawati mawili? Mtoto mmoja kwa wiki nzima? Hawahitaji kuelezwa maana ya swali, wanaivaa mkononi kwenye ile bangili ya kulipia chakula.

Na namba za matatu. Watoto wengi wanazijua kabla ya kuijua herufi m: 46 ya Kawangware, 58 ya Buruburu, 33 ya Embakasi, 111 ya Ngong, 125 ya Rongai. Shida ni kwamba wanazijua kama wanavyozisikia kituoni, "fotisiksi". Waandikie kwenye vibao vya katoni, wazipange kuanzia ndogo hadi kubwa, wazisome kwa Kiswahili, kisha wazivunje kwa vizibo: 46 ni makumi manne na mamoja sita. Dawati moja halina vizibo vya kutosha, kwa hiyo itabidi madawati mawili yaungane, na kule kuungana kwenyewe ni somo.

Mapumziko na michezo

Waache wacheze. Kati, bladda, brikicho, bano, wanajua kuliko wewe. Kazi yako ni kutazama nani yuko pembeni kila siku. Ukitaka kuhusisha na somo la ubunifu, watengeneze mpira wa kati wenyewe kwa soksi kuukuu zilizojazwa vitambaa, kwa kuwa karatasi za plastiki tulizotumia sisi zilipigwa marufuku 2017. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya uji na chakula, foleni ikiongozwa na watoto wa siku.

Mazingira, na siku ya mvua

Maharagwe kwenye pamba yenye unyevu ndani ya chupa iliyokatwa yanatosha wiki mbili. Kila asubuhi mtoto mmoja anapima mche kwa vizibo: leo una urefu wa vizibo viwili, kesho vitatu. Weka chupa ya pili kabatini gizani, usiseme kitu, na siku ya nane zitoe zote mbili. Mche wa gizani utakuwa mrefu na mwembamba, wa njano. Waache wabishane ni upi una afya. Wengi huchagua mrefu, na mabishano hayo yanafunza kuliko maelezo yangu.

Masika ya Machi hadi Mei itakukuta chini ya mabati. Mvua ikipiga, hata ukipiga kelele mtoto wa nyuma hakusikii. Usishindane nayo. Uwe na sanduku la mvua: vitabu vya hadithi vya kusoma kimya, karatasi za kusugua sarafu, picha za kupanga zisimuliwe baadaye. Sanduku likifunguliwa, wanajua wenyewe cha kufanya. Mvua ikiisha, toka nao nje mtazame maji yanakwenda wapi.

Kuwatuliza

Kiboko kimekatazwa kisheria, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 iko wazi, na hata kisingekatazwa hakifundishi silabi. Chagua ishara mbili, usizidishe. Mimi hupiga kofi kwa mdundo nao wanajibu mdundo ule ule, au nainua mkono na kunong'ona maagizo. Kunong'ona kunafanya kazi mpaka leo ninashangaa.

Kazi ya nyumbani

Usimtume mtoto kitu kinachonunuliwa. Hili nililijifunza vibaya. Mtaala wa umilisi ulipoanza 2019, mimi kama wengi niliagiza kila mtoto alete manila ya rangi kwa kazi ya sanaa. Msichana mmoja akakosa shule siku mbili. Nilipopiga simu, nyanya yake akaniambia kwa upole, "Mwalimu, hiyo karatasi tutaipata mwisho wa mwezi." Niliona aibu ambayo bado ninayo.

Agiza vya bure: mhesabu ngazi za ploti yenu, mwulize mkubwa nyumbani akuambie mchezo aliocheza utotoni, soma ukurasa huu kwa mtu yeyote naye aweke sahihi. Mtu yeyote maana yake hata kaka wa Gredi ya Tano. Wazazi wengi hurudi saa mbili usiku.

Ijumaa

Watoto wakishaondoka, kaa na daftari la masikio kwa robo saa. Ripoti inataka ngazi nne: kuzidisha matarajio, kufikia, kukaribia, na mbali na matarajio. Huna haja ya kukisia, nukta na duara zako zimeshasema. Mwenye duara wiki tatu mfululizo, mwite mzazi, na ulizia macho na masikio kabla ya kuuliza bidii. Mara mbili nimeambiwa "mtoto mzembe" nikakuta mtoto asiyeona ubao.

Kisha tafuta miraba iliyo tupu. Kutakuwa na miwili au mitatu: aliyeugua, aliyefukuziwa kodi akahamia kwa shangazi, yule mtulivu ambaye hata wewe hukugundua umemruka. Yaandike majina yao kwenye kipande cha karatasi na ukibandike juu ya meza. Jumatatu asubuhi, kabla ya kundi la siku, hao ndio wa kwanza kuvuta kiti karibu na mlango.